Picha Elfu Nne Juu ya Kioo Kimoja

Mara ya kwanza nilipomwona Mzee Yankappa Chitragar akifanya kazi, nilidhani ameharibu kitu, na kwamba aliyemshtua ni mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu wa vifaa. Mezani palikuwa na kioo chenye ukubwa wa sinia la chakula, kimewashiwa taa kwa chini, na juu yake fahali mwekundu aliyepakwa kwa rangi ya mafuta, mzuri kiasi kwamba nilisahau kusalimu. Mzee alimtazama fahali, akabonyeza kitufe cha kamera iliyoning'inia juu ya meza, kisha akachukua kitambaa na kumfuta miguu yote minne.

"Samahani, Mzee," nilisema. "Nimekushtua?"

"Wewe ndiye fundi umeme?"

"Ndiyo."

"Basi shughulika na taa. Fahali mwache, anatembea."

Akaipaka miguu upya kwa ncha ya kidole, kila mguu umesogea kwa upana wa punje moja ya mtama, akapiga picha, akafuta tena. Fahali wa kwanza hakuwapo tena duniani. Nilimaliza kukagua nyaya nikiwa bado nimeduwaa, kwa sababu katika chuo cha ufundi tulifundishwa miaka miwili mizima kwamba kazi iliyokamilika haiguswi.

Nilikuwa nimeitwa kwa tatizo dogo. Katika filamu zake mwanga ulikuwa unapwita, hafifu hapa, mkali pale, na hakujua sababu. Sababu ilikuwa umeme wa mtaa wetu wa Hubballi ya Kale, ambao hupanda na kushuka mchana kutwa. Jicho la mtu halioni tofauti hiyo, lakini kamera inaiona. Nilimfungia kidhibiti umeme, nikawa napita kila asubuhi kupima na kuandika. Nikapita mwaka, nikapita miaka mitatu. Ndiyo maana ninayajua haya ninayoyasimulia.

Yankappa alizaliwa kijiji cha Kinnala, katika ukoo ambao kazi yake tangu mababu ni kuchonga sanamu za miungu kwa mti na kuzipaka rangi. Baba yake ndiye aliyepewa na vijiji vya jirani kazi ya kumpaka upya Dyamavva, mungu wa kike mwenye uso mwekundu na macho makubwa. Yankappa alijifunza kupaka macho hayo kabla hajajua kusoma. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuja Hubballi kuchora mabango ya sinema, yale makubwa ya kuwekwa juu ya paa la ukumbi, ambamo shavu moja la mwigizaji lilihitaji ngazi na nusu debe la rangi ya waridi. Alichora mabango kwa miaka ishirini na minne. Kisha Ijumaa moja alifika ukumbini na ndoo zake, akakuta paa tayari lina sura za waigizaji, zimechapwa kwa mashine juu ya turubai la plastiki. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Meneja alimpa chai, naye akainywa akiwa amesimama.

Ukumbi wenyewe ulipokuja kuvunjwa, aliomba kitu kimoja tu, nacho ni kioo cha dirisha la kukatia tiketi. Juu ya kioo hicho ndipo alipojifunza, peke yake, kuifanya picha itembee. Alikuwa ameona jambo hilo mara moja tu, katika filamu fupi ya kigeni iliyotangulia filamu kubwa, na hakupata mtu wa kumwelekeza. Aligundua mwenyewe kwamba rangi ya mafuta ikitiwa matone ya mafuta ya karafuu hukaa mbichi kwa siku nyingi, na kwamba picha kumi na mbili zikipita kwa sekunde moja, jicho linakubali kwamba kitu kinatembea. Kwa miaka kumi na minane alitengeneza filamu tano. Ukiziunganisha zote hazifiki nusu saa.

Mkewe, Nagavva, alikuwa na maneno yake kuhusu hesabu hiyo. Yeye hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina, kama ilivyo desturi ya wanawake wa rika lake. Alimwita "huyu bwana".

"Mume wa Shankaravva anapaka kuta," aliniambia siku moja akichambua dengu. "Mwisho wa mwaka amepaka nyumba arobaini. Huyu bwana anapaka kutwa, Jumapili na sikukuu, na mwisho wa mwaka kioo ni kilekile kimoja, tena kichafu."

"Nagavva, nasikia," Mzee alisema kutoka chumbani.

"Nilitaka usikie. Ningekuwa sitaki, ningesema kwa sauti ndogo."

Filamu ya sita ilikuwa tofauti na zote. Ilimhusu mama yake, Hanumavva. Miaka sitini na tatu nyuma, bwawa lilipojengwa na mto ukageuzwa ziwa, kijiji alikoolewa Hanumavva kilikuwa miongoni mwa vile vilivyozama. Alikuwa bi harusi wa miaka kumi na minane. Wanaume walitangulia na magari ya ng'ombe yaliyobeba nafaka na milango. Dyamavva wa kijiji alikuwa nyumbani kwao siku hiyo kwa ajili ya kupakwa rangi, na ikawa kwamba aliyembeba kichwani hadi mlimani, maji yakiwa nyuma, ni Hanumavva. Kila mtu Kinnala, ambako ukoo ulihamia, alijua habari hiyo kwa kifupi. Kwa kirefu hakuna aliyeijua, kwa sababu mwenyewe hakuisimulia. Mzee alipomuuliza, alijibiwa: "Tulitoka. Maji yakaingia. Basi."

Sehemu zilizobaki Yankappa alizijaza mwenyewe. Alitaka safari nzima, kuanzia kizingiti cha nyumba hadi mlimani, iende bila kukatika hata mara moja: dakika sita za picha moja inayobadilika taratibu juu ya kioo kilekile. Mwishoni, mwanamke akiwa juu, angegeuka na kutazama kijiji kikimezwa. Kugeuka huko ndiko alikokusubiri kwa miezi kumi na minne. Bwana Sudhindra wa Bengaluru, anayeandaa maonyesho ya filamu fupi kila Januari, alikuwa ameona dakika mbili za mwanzo na kumwekea nafasi ya kufungua maonyesho. Hakuna filamu ya Mzee iliyowahi kupata nafasi ya namna hiyo. Alikuwa na miaka sitini na moja, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka jioni, na aliniambia waziwazi kwamba hii ndiyo ya mwisho ya urefu huo.

Ikafika sikukuu ya Dasara. Jioni ya kuamkia siku ya kuabudu vyombo vya kazi, Mzee alipiga picha ya elfu nne mia mbili kumi na moja. Shingo ya mwanamke ilikuwa imeanza kugeuka. Alikifunika kioo kwa kisanduku ili vumbi lisiingie, akanipa ufunguo.

"Kesho utaosha vyombo vyote," alisema. "Taa, stendi, brashi, vikombe, koleo zako. Kioo niachie. Nitakitia alama ya manjano pembeni, Dyamavva ataelewa."

Hanumavva alikuwa ameletwa kutoka Kinnala siku mbili kabla, kama kila mwaka isipokuwa uliopita, alipokuwa anaumwa. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwembamba, macho yake yameingia ukungu, lakini mikono yake haikuwa na uzee wowote. Miaka mingine aliyokuja, sikukuu ilimkuta Mzee akiwa kati ya kipande kimoja na kingine, naye alikuwa akikiosha kioo mwenyewe kabla mama yake hajaamka. Kwa hiyo mama hakuwahi kukiona kikiwa na kazi juu yake. Sikulifikiria hilo. Nililifikiria baadaye.

Asubuhi Mzee alikwenda sokoni kununua migomba ya kupamba mlango na boga jeupe la kupasulia kizingitini ili kufukuza husuda. Nilifungua chumba, nikaanza kuosha. Hanumavva aliingia bila kubisha, na beseni mkononi. Sikumzuia. Mtu hamzuii mama mzazi wa mwenye nyumba, siku kama hiyo, kuingia chumba cha mwanawe.

"Binti wa taa," alisema, "umeosha vyote?"

"Karibu vyote, bibi. Kimebaki kioo, lakini Mzee amesema atakishughulikia mwenyewe."

"Atakishughulikia saa ngapi? Saa ya kuabudu ni saa nne."

"Amesema tumwachie, bibi."

"Na baba yake alikuwa akisema hivyohivyo kila mwaka. Waume wa ukoo huu wote wanaosha kwa mdomo."

Nilicheka. Wakati huohuo Nagavva aliita kutoka barazani kwamba nimshikie ngazi, maana taji la maua ya mlangoni lilikuwa linaanguka na yeye hana mkono wa tatu. Nilitoka. Nilishika ngazi kwa muda usiozidi dakika kumi na tano. Nilipita jikoni kuchukua kitambaa kikavu, nikarudi.

Kisanduku kilikuwa kimeondolewa. Kioo kilikuwa kimeegemezwa ukutani mbele ya picha ya Dyamavva, kisafi, kinameremeta kama maji ya kisima. Katikati kilikuwa na michirizi mitatu ya manjano, juu yake tone la unga mwekundu, na ua moja la rangi ya chungwa. Sakafuni palikuwa na beseni la mafuta ya taa na majivu, na ndani yake kitambaa ambacho kilikuwa kimechukua rangi ya kila kitu: mlima, mto, paa, sari ya bluu ya bi harusi. Chumba kilinuka karafuu kuliko siku yoyote.

Nakumbuka kwamba niliangalia kwanza kidhibiti umeme, kama vile kosa lingekuwa hapo.

"Bibi," nilisema, "umefanya nini?"

"Nilichofanya ni kazi yenu. Kibao cha kuchanganyia rangi kimelala na rangi mbichi hadi siku ya sikukuu. Baba yake Yanka angenitoa nje ya nyumba."

"Hicho si kibao, bibi. Kulikuwa na picha."

"Picha inapakwa juu ya mti. Inapakwa ukutani. Juu ya kioo watu wanachanganyia rangi." Alikuwa akijifuta vidole kimoja kimoja. "Tena ilikuwa nene namna hii, kama tope. Nimesugua mpaka bega linauma."

Nagavva alikuja na sahani ya nazi. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama beseni. Aliweka sahani chini taratibu, akaketi sakafuni kando yake, na ncha ya sari akaiweka mdomoni.

Tuliisikia pikipiki ya Mzee. Aliingia akiwa na boga kifuani na majani ya mgomba begani, akisema jambo fulani juu ya bei, na sentensi ikaishia katikati. Hakuna aliyemweleza. Kisha aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ya mwisho ilipigwa?"

"Ndiyo, Mzee. Jana, saa kumi na moja na nusu. Elfu nne mia mbili kumi na moja. Niliikagua."

Akaitikia kwa kichwa. Akaliweka boga chini, akavua viatu, akaunganisha mikono mbele ya kioo na kuinama, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kutiwa alama na kuwekwa mbele ya mungu, na chombo kilichowekwa hivyo hakiguswi hadi kesho yake. Hata kama angetaka kujaribu kuiokoa siku hiyo, asingeweza. Hanumavva alimwangalia kwa kuridhika.

"Umeona?" alisema. "Sasa kinatazamika."

"Nimeona, mama," alisema Yankappa.

Ibada iliendelea. Alipotoka kulipasua boga kizingitini, boga lilidunda na kuviringika hadi mtaroni, na jirani mmoja, mshona magodoro, akacheka: "Bwana Yankappa, au boga la mwaka huu umelichora?" Mzee alilifuata mtaroni, akalirudisha, akalipiga tena. Hakula chochote siku hiyo. Mimi nilirudi nyumbani, nikashindwa kuwaeleza wazazi wangu, kwa sababu kila nilipoanza sentensi niliona kwamba ningelazimika kuimaliza kwa kusema kuwa mwenye ufunguo nilikuwa mimi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwambia hivyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Alinikata kabla sijafika nusu.

"Ungemzuia vipi?" aliuliza. "Ungemshika mikono?"

"Ningemweleza."

"Mimi ni mwanawe na sijamweleza kwa miaka kumi na minane."

Niliuliza kama haiwezekani kuipaka picha ya mwisho upya kwa kuinakili kutoka kwenye kamera. Alinijibu kwa uvumilivu. Rangi ile ilikuwa na miezi kumi na minne ndani yake, tabaka juu ya tabaka, na kila alama ya kidole ilibaki chini ya nyingine. Nakala ingefanana kwa jicho la mtu anayepita. Katika filamu ingeruka, na mtazamaji angejua hapo ndipo picha ya kwanza ilipokufa.

Simu kutoka Bengaluru ilikuja akiwa bado anaeleza. Bwana Sudhindra alikuwa anapiga kutoa salamu za sikukuu. Mzee aliiweka simu mezani, kipaza sauti kikiwa wazi, ili asishike chochote, kwa hiyo sote tulisikia. Alimsimulia yaliyotokea kwa maneno machache. Kutoka upande wa pili nikasikia kitu ambacho kilinishtua zaidi ya kioo chenyewe: mtu yule alikuwa anafurahi.

"Usiguse kitu," alisema. "Yankappa, unasikia? Usiguse. Iishe hapohapo, shingo ikiwa inageuka. Halafu weka picha ya kioo kitupu na yale manjano. Mama mwenyewe amekuja kujifuta. Watu watasimama. Hii ni bora kuliko ulivyopanga."

"Hakujifuta," Mzee alisema. "Aliosha vyombo."

"Ni hilohilo."

"Si hilohilo, bwana."

"Fikiria. Januari si mbali. Wewe tuma kama ilivyo."

Baada ya simu, Mzee alikaa akiitazama mikono yake. Nilijua anafikiria, na nilijua kwamba angeweza kukubali. Ilikuwa njia pekee iliyobaki, na haikuwa njia ya aibu. Nagavva, aliyekuwa amesikiliza kutoka mlangoni akiwa na kikapu cha majani ya mti ambayo siku hiyo tunayaita dhahabu na kuwagawia majirani, ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amenyamaza siku nzima na usiku mzima, na huo ulikuwa mwisho wa uwezo wake.

"Mama," aliita kuelekea jikoni, "njoo uone ulichokifuta jana. Ulijifuta wewe mwenyewe, na huyu bwana hana ujasiri wa kukwambia."

"Nagavva."

"Amwambie nani sasa? Boga?"

Hanumavva alikuja. Hakuuliza swali. Aliketi kwenye kiti cha Mzee mbele ya kompyuta, akausogeza uso wake hadi kipimo cha shubiri moja kutoka kwenye skrini, na Mzee akaiwasha filamu toka mwanzo.

Sikuwahi kumwona mtu akitazama hivyo. Mlango ulipoonekana, mkono wake ulikwenda kwenye skrini na kuugusa. Mwanamke wa bluu alitoka, mungu kichwani, na barabara ikaanza kupita chini yake, na nyumba zikayeyuka kuwa miti na miti kuwa mawe.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Sikuwa mnene hivi. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku." Akatazama tena. "Kisima kilikuwa upande wa pili." Akatazama. Kisha akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyenusa moshi. "Yanka, kwa nini Dyamavva anatazama mbele?"

Mzee hakuelewa swali. Hata mimi sikulielewa. Mungu anayebebwa siku zote anatazama mbele; ndivyo anavyozungushwa kijijini, ndivyo anavyochorwa.

"Anatazama anakokwenda," alisema.

"Hakutazama anakokwenda. Tulimfunga kwa kitambaa uso nyuma. Baba mkwe aliamuru. Alisema anayeondoka akigeuka, atarudi, na akirudi maji yatammeza. Mwenye kijiji ni Dyamavva, basi yeye ndiye akitazame mpaka mwisho, na sisi tutembee." Alinyoosha kidole kwenye shingo ya mwanamke, pale pale filamu ilipokatikia. "Na huyu anafanya nini? Anageuka?"

"Anatazama kijiji, mama. Kwa mara ya mwisho."

"Hakuna aliyetazama."

Mzee alikuwa ameegemea ukuta. Uso wake, ambao jana mbele ya kioo kitupu haukubadilika, sasa ulikuwa umekosa damu. Picha elfu nne mia mbili na kumi na moja, na katika kila moja mungu alitazama upande usio wake.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Uliniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza mara moja, mdomo umejaa mkate. Na ulitaka nikwambie nini? Nilisikia maji. Kwanza kama watu wanaonong'ona, halafu kama ng'ombe wengi wanakunywa. Nilisikia ukuta wa ghala la Basappa ukianguka. Sikuona. Kila mtu ananiuliza kijiji kilizama vipi, na mimi niliyekuwa wa mwisho kutoka sijui. Nikiwaambia sijui, wanadhani nawaficha." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, kwa haraka, kama anayefuta jasho. "Aliyeona ni yeye tu. Na yeye ni mti."

Nagavva aliweka kikapu chini.

Mzee alikwenda mbele ya picha ya Dyamavva, akakitoa kioo mahali kilipoegemezwa. Ilikuwa kesho yake. Kuguswa kuliruhusiwa, na ndiyo siku ambayo mafundi wote wa mji wanaanza kazi upya. Hakukifuta manjano. Alikishika mbele ya dirisha na kukigeuza, akatazama kupitia kwake kana kwamba anapima kitu kilicho nyuma yetu. Kisha akachukua simu na kumpigia Bwana Sudhindra, akasimama safari hii.

"Usiniwekee nafasi," alisema.

Tulisikia sauti ikipanda. Ilisema kwamba filamu iko tayari, kwamba ajali ile ni bahati ambayo watu wanaiomba maisha yao yote, kwamba mwakani hawezi kuahidi lolote.

"Nimekuelewa. Lakini ile si safari ya mama yangu. Ni safari niliyoitunga mimi nikiwa nakula mkate."

Akakata simu. Nagavva alimtazama mumewe, akahesabu kwa vidole, akashindwa kujizuia.

"Miezi kumi na minne mingine," alisema. "Huyu bwana ana sitini na moja, mkono unacheza. Mama ana themanini na mmoja. Nyinyi wawili mmekaa mkafanya hesabu?"

"Wewe pika," Hanumavva alimwambia mkwewe. "Mtu akiwa na njaa ndiyo anachelewa."

Nilikwenda kuwasha taa, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilisoma kipimo, nikamwambia Mzee kwamba umeme umetulia. Alichanganya rangi, akatia matone matatu ya karafuu. Kabla ya kugusa kioo alikaa muda mrefu akiwa ameshika brashi, na nikaona anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa kazi. Alikuwa amepaka macho ya Dyamavva tangu utotoni, zaidi ya mara mia tatu. Hakuwahi kupaka kile ambacho macho hayo yalikiona.

"Mama," alisema, "kaa hapa karibu. Unatoka nyumbani. Uso wake uko nyuma yako. Kitu cha kwanza anachokiona ni nini?"

"Mlango."

"Umefungwa?"

Hanumavva alifikiri. Nilidhani amesahau. "Mlango haukuwepo," alisema. "Waliubeba na magari. Anaona shimo la mlango, na ndani jikoni kwangu. Moto ulikuwa bado unawaka. Sikuuzima. Nilijua maji yatauzima."

Brashi ilisimama hewani. Mzee alimgeukia mama yake, nami pia, na hata Nagavva jikoni aliacha kukwangua nazi. Sote tulikuwa tumeishi na habari hii kwa miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona ule moto.

"Chora," bibi alisema. "Unangoja nini? Nataka kuona na mimi."

Siku hiyo tulipata picha tatu tu, badala ya kumi, kwa sababu kila moja bibi aliinama juu yake hadi pua ikakaribia rangi, na kila moja alikuwa na la kusahihisha. Katika ya tatu, moto ulikuwa umesogea mbali kidogo.